Kiti cha Kunyonyeshea

"Kipo," alisema Mzee Gundi kwenye simu, na neno lilipomtoka tu akajua kwamba amemwongopea mkewe.

Hakuwa na mazoea hayo. Katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa alikuwa amemficha mkewe mambo mawili tu, na yote mawili yalihusu jino lililokuwa likimuuma. Lakini swali lilikuja haraka, limebanwa katikati ya habari nyingine, kama mtu anavyoulizia kama jiko limezimwa. Kile kiti changu cha kunyonyeshea kipo chumbani, siyo? Na yeye wakati huo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba hicho hicho, akiitazama rafu ya vitabu iliyosimama mahali pa kiti.

"Basi kiondolee zile nguo, ukifute vumbi," mkewe aliendelea. "Jumamosi asubuhi tunakuja na gari kukichukua. Mtoto hashiki ziwa. Anashika, anaachia, anapiga kelele, na mwanao naye analia kumpita mtoto. Nimemkalisha kwenye kochi, nimemkalisha kitandani, nimempangia mito mpaka imekwisha. Ananiambia, mama, pale nyumbani ulikuwa na kile kiti. Sijui amekumbuka nini. Ila amekitaka, na mtu aliyetoka kujifungua akitaka kitu humkatalii."

"Kipo," alisema tena Mzee Gundi.

Ilikuwa Jumatatu jioni. Simu ilipokatika alibaki palepale mlangoni, ameishika mkononi kama kitu alichookota njiani.

Jina la Gundi alipewa kazini, kwenye ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo, ambako kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akifunga vitabu. Vitabu vilimfikia vikiwa hoi, migongo imechanika, kurasa zinaning'inia. Yeye alivivua majalada ya zamani, akazishona kurasa upya kwa sindano na uzi, akapaka gundi, akavibana kwenye chuma hadi kesho yake, kisha akavivika majalada mapya ya kitambaa cheusi. Harufu ya gundi ilikuwa imeingia kwenye vidole vyake hata sabuni ikakata tamaa. Wenzake walisema jina lilimfaa kwa sababu ya pili pia: akishakaa mahali, haondoki. Alikwenda kazini kwa njia moja na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Watu wengi wakiwa pamoja walimchosha. Vitabu havikumchosha, na hilo ndilo lililomponza.

Mkewe alipokwenda kwa binti yao wa kwanza kumsaidia wakati wa kujifungua, nyumba ilikuwa kimya na vitabu vikaonekana vingi kuliko zamani. Vilikuwa chini ya kitanda, juu ya friji, hata bafuni kulikuwa na viwili. Wiki iliyofuata, akitoka kazini, alipita kwenye kona ya mtaa wa maduka ya vitu vya zamani na kuona rafu ya mbao imewekwa nje juani. Ilikuwa pana, ya ngazi sita, imara kama ukuta. Mwenye duka alimwambia kwamba si lazima kulipa ikiwa ana kitu cha kubadilishana. Mzee Gundi alipita nyumba yake kichwani, chumba kwa chumba, akakumbuka kiti kilichokaa kwenye kona miaka nenda miaka rudi kikibeba nguo zilizopigwa pasi. Hakuna aliyekikalia. Akazihamishia nguo kitandani, akamwita mtu wa mkokoteni, na saa moja baadaye rafu ilikuwa ndani. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kumweleza mkewe. Yalikuwa maneno mazuri, yanayohusu nafasi.

Mwezi ulikuwa umepita tangu siku hiyo. Sasa alikuwa na siku nne.

Jumanne baada ya kazi alikwenda kwenye duka la kona. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, aliyeitwa Shangazi Taa na mtaa mzima kwa sababu duka lake lilijaa taa za kila namna: za mafuta, za mezani, za kuning'inia, na moja yenye umbo la bata. Ili kuingia ilibidi mtu ainamishe kichwa kama anayeomba msamaha, na hilo lilimfaa Mzee Gundi siku ile.

"Karibu, kaka. Vipi, rafu imekukataa?"

"Rafu ni nzuri. Nimekuja kwa ajili ya kile kiti nilichokuletea. Nakihitaji tena."

"Kiti gani?"

"Cha mbao."

"Cha mbao," Shangazi Taa alirudia, akimtazama kana kwamba anasubiri sentensi imalizike. "Kaka yangu, hapa vimepita viti vya mbao vya kutosha shule nzima. Chako kina mikono?"

Mzee Gundi alikitafuta kiti kichwani, na kilichomjia kilikuwa nguo: shati la bluu juu, shuka chini ya shati, taulo chini ya shuka. Chini ya taulo palikuwa na kitu kinachoshikilia vyote hivyo, lakini kila alipojaribu kukiona, taulo halikuondoka.

"Nadhani kina mikono."

"Unadhani."

"Kina."

"Mgongo wake je? Wa fito, au wa ubao mmoja?"

"Wa kawaida."

"Kirefu? Kifupi?"

"Cha kukalia," alisema Mzee Gundi, na mara hiyo hiyo akatamani ardhi ipasuke.

Shangazi Taa alicheka mpaka yule bata akatikisika. "Umeishi na hicho kiti muda gani?"

"Miaka thelathini na moja."

"Na shemeji yangu umeishi naye muda gani? Maana siku akipotea utakwenda polisi ukawaambie umepotelewa na mwanamke wa kawaida."

Mzee Gundi alicheka naye, kwa kuwa hakujua lingine la kufanya. Shangazi Taa alipomaliza, alijifuta macho na kumhurumia.

"Kwangu hakipo. Sisi hapa tuna utaratibu wetu. Kitu kikikaa dukani wiki nzima hakijachukuliwa, Alhamisi kinahamia duka la jirani. Kitu ukikiona kila siku mahali pamoja, mwishowe hukioni tena. Ukikikuta duka jingine unasema, eh, hiki nacho kimetoka wapi. Mwaka wa kumi na mbili huu tunafanya hivyo. Chako nilimpa Bwana Santuri. Viti havikai kichwani mwangu, mimi niulize taa. Nenda hapo mlango wa pili."

Mlango wa pili ulikuwa wa kijiduka chembamba kama ujia, kuta zote mbili zimejaa santuri kuukuu. Bwana Santuri, mtu mrefu wa mifupa mirefu, alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, magoti karibu yafikie kidevu, akisikiliza wimbo uliokuwa ukikwaruza mahali pamoja kila baada ya muda. Aliinua kidole kimoja: subiri. Mzee Gundi alisubiri upande mzima wa santuri ukaisha. Hakuchukia. Yeye mwenyewe asingependa kukatizwa akiwa katikati ya ukurasa.

"Kiti kutoka kwa Shangazi," Bwana Santuri alisema alipoelezwa. "Nakikumbuka. Kilikuwa kinacheza. Ukikikalia kinakwenda kushoto kama mlevi. Nikakipeleka kwa Fundi Msasa, pale uani nyuma, na kikishatoka kwa Fundi kinakwenda kwa Dada Magauni. Chako kilikuwa rangi gani?"

"Kahawia."

"Mzee, hiyo si rangi ya kiti. Hiyo ni mbao."

Mzee Gundi alirudi nyumbani akiwa na swali jipya. Hakujua kamwe kwamba kiti chao kilikuwa kinacheza. Je, kilikuwa kinacheza siku zote, na mkewe alikuwa akikaa ndani ya mchezo huo na mtoto mkononi, au ni kwa sababu ya mkokoteni? Au Bwana Santuri alikuwa akizungumzia kiti cha mtu mwingine?

Jumatano aliomba ruhusa ya kutoka mapema, jambo lililowashangaza wenzake hata mmoja akamuuliza nani amefariki. Duka la Dada Magauni lilikuwa katikati ya mtaa. Lilikuwa na magauni ya zamani yaliyopangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe mlangoni hadi nyeusi ndani kabisa, na kioo kirefu kilichomfanya kila mtu aonekane mwembamba kidogo. Dada mwenyewe alikuwa msichana mwenye pini mdomoni, aliyezungumza bila kuzitoa.

"Shikamoo, baba. Shangazi ameshanieleza. Kiti chenyewe hicho."

Mteja alikuwa amekikalia akijaribu viatu. Kilikuwa cha kijani, kijani cha mlango wa zahanati. Mzee Gundi alitazama pembeni hadi viatu vikakubali na yule mteja akaondoka.

"Hiki ni cha kijani," alisema.

"Nilikipaka mimi. Kaa basi, ukijue."

Alikaa. Alikaa kwa uangalifu, kama mtu anayengoja kupimwa presha. Mikono ilikuwapo, imepinda mwishoni kama vidole vinavyoita. Alifumba macho, akangoja kiti kimwambie kitu. Dakika nzima ilipita. Alichokuja kukitambua ni kwamba katika miaka yote ile hajawahi kukikalia.

"Vipi, baba, ndicho?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kukikalia. Alikuwa akikikalia mke wangu."

"Basi mlete."

"Huyo ndiye asiyetakiwa kujua."

Dada Magauni alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. "Aa," alisema. "Sasa nimeelewa." Akamwahidi kwamba hatakihamisha siku ya Alhamisi, na akamwambia, kwa heshima zote, kwamba ikiwa atakichukua basi ile rafu irudi mtaani, kwa sababu Shangazi alikuwa ameanza kuililia.

Jioni ile alimpigia simu mkewe. Alijaribu kuingia kwa upole, akauliza habari za mjukuu, za mama wa mjukuu, za hali ya hewa.

"Unaumwa?" mkewe akauliza.

"Hapana. Nilikuwa nakifuta kile kiti. Hivi mikono yake ilikuwa imepinda tangu zamani?"

"Si unakiona hapo?"

"Nakiona."

"Imepinda?"

"Imepinda."

"Basi imepinda. Mzee wangu, kalale." Kisha sauti yake ikashuka, na nyuma yake Mzee Gundi akasikia mtoto akilia kwa kukatakata, kilio kidogo chenye hasira. "Leo ameshika mara mbili tu. Huyu binti anasema labda yeye si mama. Nimemwambia asubiri, Jumamosi anakalia kiti nilichomnyonyeshea yeye, na yeye alikuwa mkorofi zaidi ya huyu."

Mzee Gundi alikwenda kulala kama alivyoambiwa, ila usingizi haukuja. Mpaka hapo alikuwa akidhani tatizo lake ni uongo. Sasa aliona kwamba kuna mtu anakingoja kile kiti kama mgonjwa anavyongoja dawa, na yeye huenda akampelekea chupa isiyo yenyewe.

Alhamisi mtaa ulikuwa ukihama. Alifika saa nane mchana na kukuta vitu vikivuka barabara: kioo kilichobeba mawingu, cherehani mbili, sanamu ya mbwa asiye na mkia, taa zikienda juu ya vichwa vya watu. Kila mmoja alitoka na kitu na kurudi na kingine, na hakuna aliyegongana na mwenzake isipokuwa Mzee Gundi, aliyegongana na kila mtu. Mbele yake akaona kiti cha kijani kikienda zake begani kwa mwanamume mmoja. Alikifuata, akapita duka la saa, akapita duka la vyombo, akamshika yule mtu mkono.

"Samahani, ndugu. Hicho kiti kimeahidiwa mtu."

"Hiki? Hiki ni cha kwangu, nimetoka nacho nyumbani."

Na kweli, alipogeuka aliona kingine cha kijani mlangoni kwa muuza vyombo, na cha tatu kwa Dada Magauni. Dada alimweleza kwamba rangi ilibaki nusu kopo na hapendi kutupa vitu, kwa hiyo kila aliyetaka alipakiwa.

"Na changu ni hicho cha kwako?"

"Nina hakika, baba." Alikitazama. "Karibu nina hakika. Muulize Fundi, yeye anaijua kazi yake."

Fundi Msasa alikuwa uani nyuma ya maduka, chini ya bati, katikati ya vumbi la mbao. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, penseli sikioni, mikono imekwaruzwa kama ngozi ya mjusi. Alisikiliza hadithi nzima akipiga randa, na ilipokwisha akaweka randa chini.

"Nakijua. Miguu yake ilikuwa imeliwa na wadudu, ndiyo maana kilicheza. Mgongo na mikono vilikuwa vizima, nikavipachika kwenye kiti kingine chenye miguu mizuri ila kimevunjika mgongo. Hicho ndicho alichokipaka rangi yule binti wa magauni. Ubao wa kukalia nao ulikuwa mzuri sana, umechimbika katikati kama kiganja. Ule ulimfaa Bwana Santuri, chake kilikuwa kimepasuka. Anaukalia mpaka leo."

Mzee Gundi alikumbuka magoti marefu karibu na kidevu. Alikuwa amesimama mbele ya kiti chake upande mzima wa santuri.

"Na miguu?"

"Nilichemshia gundi."

"Kwa hiyo kiti changu ni kipi?"

"Vyote viwili."

"Haiwezekani."

Fundi hakubishana. Alimtazama vidole. "Wewe unafanya kazi gani, mzee mwenzangu?"

"Nafunga vitabu."

"Kitabu kikija kimechakaa unakifanyaje?"

"Navua jalada, nashona kurasa, naweka jalada jipya."

"Na mwenyewe akija, unampa kitabu chake au cha mtu mwingine?"

"Chake. Kitabu ni kurasa, jalada ni nguo tu."

"Sawa. Sasa nionyeshe kurasa za kiti ni zipi, na mimi nitakuunganishia."

Mzee Gundi alidhani jibu lipo na kwamba ni yeye tu hajalifikia. Mikono? Mgongo? Ubao? Fundi akamwambia angeweza kuvivunja vyote viwili na kurudisha kila kipande kwa mwenzake juu ya miguu mipya, ila gundi ingekuwa tayari Jumatano. Jumatano ilikuwa mbali mno. Mtoto alikuwa anakataa ziwa leo.

Ijumaa aliirudisha rafu. Vitabu alivipanga sakafuni kufuata ukuta, migongo juu, na chumba kikaonekana kama kimepata mafuriko ya karatasi. Kisha akakaa mezani kuandika atakachomwambia mkewe. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sentensi ya kwanza ilikuwa "Kiti kipo". Akaikata. Hadi anakwenda kulala karatasi ilikuwa na maneno mawili, nayo yalikuwa "Mke wangu".

Walifika Jumamosi saa tatu. Binti yake alishuka garini taratibu, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, mtoto amefungwa kifuani. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote, hakungoja salamu ziishe. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaitazama kona, akavitazama vitabu sakafuni, kisha akamtazama mumewe kwa macho ambayo watoto wa miaka sita wa miaka mingi waliyafahamu.

"Kiko wapi?"

"Kipo," alisema Mzee Gundi, na akaona kwamba kwa mara ya kwanza wiki ile neno hilo lilikuwa karibu na kweli. "Ila kipo sehemu mbili."

Alieleza yote akiwa amesimama: rafu, taa, santuri, rangi, randa. Binti yake alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza, mdomo wazi. Alipomaliza, mkewe alichukua mkoba wake.

"Twende huko."

Dada Magauni, aliyekwisha kuarifiwa jana yake rafu iliporudi, alikuwa amewasogezea viti karibu na kioo: kile cha kijani, na pembeni yake kile kifupi cha Bwana Santuri, aliyekuja nacho mwenyewe na kusimama karibu akikilinda. Shangazi Taa naye alikuja, akasema amekuja kuazima uzi. Cha kijani cha muuza vyombo kilikuwa kimehamia hapo pia, kikasimama nyuma ya magauni meusi.

Mkewe alivizunguka viti mara mbili bila kuvigusa. Kisha akafumba macho, akakaa kwenye cha Bwana Santuri. Alijisogeza kidogo kushoto, akatulia.

"Hiki," alisema, macho bado yamefumbwa.

"Mama, siyo," binti yake alisema. Alikuwa ameshika mkono wa kile cha kijani, kidole gumba kikipita kwenye mpindo wake. "Ni hiki. Nilikuwa nasimama hapa, nimeushika huu mkono, wewe unamnyonyesha mdogo wangu. Nilikuwa nauuma. Angalia." Aliinama kutafuta alama za meno, lakini rangi ilikuwa imezifunika, kama ziliwahi kuwapo.

"Wewe ulikuwa umesimama," mama yake alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa."

"Na nilikuwa naona."

"Na mimi nilikuwa najua makalio yangu yako wapi."

"Wote mko sahihi," Mzee Gundi aliingilia, akafurahi kwamba hatimaye ana jambo la kueleza. "Fundi anasema ubao ni wa—"

"Wewe nyamaza," walisema wote wawili.

Mtoto akaamka. Alianza na kikohozi, kisha akakunja uso, kisha akapiga kelele iliyofanya Bwana Santuri arudi nyuma hatua mbili. Binti hakuwa na muda wa kuchagua. Alikaa kwenye kile alichokishika, cha kijani, akafungua vifungo, akamlaza mtoto mkononi, mkono wake mwenyewe ukiegemea mkono wa kiti. Mtoto alishika. Akaachia. Akalia. Shangazi Taa aliwageukia wanaume na kuwaonyesha magauni ya njano, nao wakayatazama magauni ya njano. Mtoto akashika tena.

Ilisikika sauti ndogo ya kumeza, kisha nyingine, kisha zikafuatana.

"Usitikisike," mama yake alinong'ona. "Acha mabega yashuke. Hivyo."

Mzee Gundi aliendelea kutazama gauni la njano. Lilikuwa na vifungo kumi na vinne. Alisikia binti yake akimwita.

"Baba. Mama akininyonyesha mimi, wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayejaribu kukipanga chumba upya kichwani. Mzee Gundi aligeuka. Alitafuta. Chumba alikiona, dirisha aliliona, aliona hata kitabu alichokuwa akikifunga mwaka ule kwa sababu kilikuwa na picha za ndege. Mwenyewe hakujiona popote. Huenda alikuwa mlangoni. Huenda alikuwa chumba cha pili. Alimtazama mkewe kwa kuomba msaada.

"Sikumbuki," mkewe alisema, polepole, na ilikuwa wazi kwamba naye alikuwa akitafuta. "Ulikuwapo. Nakumbuka nilikuwa nikikuomba maji na unaleta. Sasa ulikuwa unatokea wapi?"

Alibaki akimtazama mumewe na mumewe akimtazama, kila mmoja akingoja mwenzake akumbuke.

Mtoto alilala na ziwa mdomoni. Binti alisema hiki anaondoka nacho, hajali miguu ni ya nani. Mama yake akasema sawa, na hiki alichokikalia yeye kinarudi nyumbani, kwenye kona yake, na safari hii atakayekiwekea nguo atazivaa zote kwa mpigo. Bwana Santuri alihuzunika, akaahidiwa kingine. Walikubaliana hivyo, na hakuna aliyesema tena ni kipi kilicho chenyewe.

"Baba, usisimame hapo," binti alisema kwa sauti ya chini. "Unanizibia hewa. Kaa."

Mzee Gundi aliangalia huku na huku. Akasogea hadi nyuma ya magauni meusi, akakivuta kile kiti cha tatu, akakiweka mahali ambapo angewaona wote watatu, akakaa. Akaanza kukijifunza kiti cha binti yake, kwanza mkono: ulikuwa na mpindo mmoja mwishoni. Halafu mgongo. Fito zilikuwa tano, au sita, bega la binti lilifunika moja. Alihesabu upya kuanzia upande wa pili. Alikuwa amefika ya nne Dada Magauni alipomgusa bega, pini zikiwa zimerudi mdomoni.

"Samahani, baba. Hicho ulichokalia kina mwenyewe. Anakuja kukichukua sasa hivi."

Mzee Gundi akasimama.